Kumaliza Silabasi Mapema Mtandaoni: Mtoto Atafika Wapi?

Wiki iliyopita niliingizwa katika kundi la WhatsApp bila kuulizwa. Ujumbe wa kwanza niliouona ulikuwa wa bei. Likizo ya Agosti, wiki tatu, masomo matano, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, kisha tena usiku baada ya Isha, yote kwa simu. Ahadi ilikuwa kwamba mada zote zilizobaki za Kidato cha Tatu zitamalizwa na za Kidato cha Nne zitaanzwa kabla shule hazijafunguliwa. Chini yake wazazi walikuwa washaanza kubandika ujumbe wa M-Pesa, mmoja baada ya mwingine.

Mimi sijalipa. Wala siwacheki waliolipa, kwa sababu mwaka jana nililipa mimi mwenyewe. Leo nataka kueleza kwa nini mara hii nimesita, na kwa nini naona sisi wazazi wa Pwani tunanunua kitu ambacho hatujauliza kinafanya kazi vipi.

Kwanza tukubaliane kwamba hofu ya wazazi ina msingi. Mwanangu yuko Kidato cha Tatu. Watoto hawa ndio kundi la mwisho la 8-4-4. Walifanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, wakaingia Kidato cha Kwanza 2024, na KCSE yao ni 2027. Nyuma yao hakuna kidato kingine. Anayewafuata yuko Gredi ya 10, katika mtaala mwingine kabisa. Zamani mzazi alikuwa na neno la kujiliwaza: akianguka atarudia. Sasa atarudia darasa gani, na nani? Swali hilo linatunyima usingizi, na mwenye kuuza tuisheni analijua vizuri kuliko sisi.

Wauzaji hao wana mazoea ya kututajia nchi za nje. Wanasema Marekani mtoto anamaliza somo la mwaka mzima kwa wiki sita, mtandaoni, akiwa nyumbani kwao. Hilo ni kweli. Najua kwa sababu dadangu anaishi Columbus, jimbo la Ohio, na bintiye alifanya hivyo mwaka jana wakati wa kiangazi. Basi tuanze huko, tuone lile jambo lenyewe lilivyo kabla ya kuliiga.

Likizo kubwa ya shule za Marekani huangukia kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Mpwa wangu alikuwa amemaliza gredi ya tisa, ambayo kwao ndiyo mwanzo wa sekondari. Alikuwa amesoma aljebra ya kwanza. Kwa ratiba ya kawaida angesoma jiometri gredi ya kumi, aljebra ya pili gredi ya kumi na moja, na kadhalika, mpaka amalize shule bila kuifikia kalkulasi. Yeye anataka uhandisi. Akaomba asome jiometri yote wakati wa kiangazi ili gredi ya kumi aanzie aljebra ya pili. Kwa njia hiyo mwaka wa mwisho unabaki wazi kwa kalkulasi.

Jambo hilo linawezekana kwa sababu ya kitu wanachokiita krediti. Mwanafunzi wa Ohio hahitimu kwa mtihani mmoja wa mwisho kama wetu. Anahitaji kukusanya angalau krediti 20 katika miaka minne: nne za Kiingereza, nne za hisabati, tatu za sayansi, tatu za masomo ya jamii, nusu ya afya, nusu ya mazoezi ya viungo na tano za kuchagua mwenyewe. Krediti moja ya somo la kawaida ina kima cha chini cha saa 120 za kufundishwa. Kipimo hiki ni cha zamani. Kilitokana na kazi ya Carnegie Foundation mwaka 1906, wakati vyuo vikuu vya Marekani vilipotafuta namna ya kulinganisha shule moja na nyingine.

Sasa piga hesabu. Saa 120 zikigawanywa kwa wiki sita za siku tano tano, unapata saa nne kila siku, kabla ya kazi ya kufanya peke yako. Kwa hiyo aliyemaliza jiometri kwa wiki sita hakupunguziwa masomo, alibanwa. Shule nyingi za Marekani husoma takriban siku 180 kwa mwaka. Ukizibana siku hizo ziwe 30, kila siku moja ya kiangazi imebeba siku sita za shule. Mtoto akiumwa na tumbo Jumatatu na Jumanne, amekosa zaidi ya wiki mbili za masomo.

Nilishuhudia mbano huo kwa macho yangu, kwa njia ya simu. Kwetu ikiwa saa moja ya jioni, kwao ni adhuhuri. Nilikuwa nikimpigia dadangu wakati huo, na nyuma yake namwona yule mtoto mezani na kompyuta yake, daftari limejaa pembetatu, chakula kimepoa. Kuna harusi ya jamaa alikosa. Safari ya kwenda kwa rafiki zake iliahirishwa. Alikuwa na mwalimu anayemjua kwa jina, aliyemwandikia kila alipochelewesha kazi, na mtihani wa mwisho aliufanya shuleni, mbele ya msimamizi, kwa kalamu na karatasi. Alifaulu. Shule ikamwandikia krediti, na Agosti akaingia aljebra ya pili.

Lakini nilipomuuliza Desemba kama angemshauri mwenzake afanye hivyo, alifikiri kidogo akanijibu, "Mjomba, kama hupendi hisabati, usithubutu." Akaniambia mada za mwisho mwisho amezisahau, na kwamba ilimbidi arudi kuzisoma upya mwenyewe. Huyo ni mtoto aliyefaulu na anayelipenda somo lake.

Na yule asiyelipenda? Huko Marekani kuna watoto wengi zaidi wanaoingia masomo ya kiangazi mtandaoni kwa sababu walianguka, na wanahitaji kuipata ile krediti waliyoikosa. Jambo hili limepimwa. Katika viangazi vya 2011 na 2012, watafiti walifuatilia zaidi ya wanafunzi 1,200 katika shule 17 za sekondari mjini Chicago. Wote walikuwa wameanguka aljebra katika gredi ya tisa. Waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi wakarudia somo mtandaoni, wengine wakarudia darasani na mwalimu wa ana kwa ana. Waliosoma mtandaoni walikuwa na msimamizi chumbani pamoja nao, si kwamba waliachwa peke yao. Pamoja na hayo, kati ya waliosoma mtandaoni, asilimia 66 walipata krediti. Waliokaa na mwalimu walikuwa asilimia 76. Walio mtandaoni pia walipata alama za chini zaidi katika jaribio la mwisho, na walisema somo lao lilikuwa gumu zaidi.

Hapo pana funzo kwetu. Kasi na skrini humfaa aliye imara, anayejua anakokwenda. Aliye dhaifu, ambaye ndiye tunamlipia kwa wingi, huhitaji mtu mbele yake.

Nirudi nyumbani. Agosti mwaka jana mwanangu alikuwa Kidato cha Pili. Nilitoa shilingi elfu mbili mia tano kwa wiki tatu, masomo manne ya Kidato cha Tatu. Bando ilikuwa juu yangu, na simu ilikuwa yangu, kwa hiyo asubuhi nzima nilikuwa sipatikani kazini. Siku ya tatu nilikaa karibu naye nione. Kwenye kiungo kile walikuwamo watoto zaidi ya mia moja, kamera zote zimefungwa. Mwalimu alisoma kurasa zilizoonekana kwenye skrini, akauliza kama wameelewa, akajijibu mwenyewe, akaendelea. Mtandao ulikatika mara mbili. Mara ya pili mwanangu hakuona haja ya kurudi, na hakuna aliyejua kwamba ametoka.

Hakuna aliyempa mtihani. Hakuna aliyesahihisha daftari lake. Mwisho wa wiki ya tatu kundi lilitumiwa ujumbe wa pongezi kwamba mada zote zimekamilika.

Madhara yake niliyaona mwaka huu. Mwalimu wake wa shule alipoanza mada ya duara, mwanangu alijua maneno yake. Alishayasikia. Akajiambia hii tumeshafanya, akalegeza masikio. Mwisho wa muhula alipata alama 31 kwa mia. Nilipomkalisha chini tukafungua karatasi pamoja, niligundua kwamba anazijua fomula na hajui lini azitumie. Wiki tatu zile zilimpa uzoefu wa kusikia, akaudhania ni kujua. Afadhali angeingia darasani hajui kitu, angesikiliza.

Nikalinganisha watoto hawa wawili, mpwa wangu na mwanangu. Wote walisoma mtandaoni, wote likizo, wote kwa mwendo wa kasi. Tofauti kubwa naiona katika swali moja: ukimaliza mapema, unafika wapi? Yule wa Ohio alipomaliza jiometri alipanda ngazi. Mlango ulikuwa unamsubiri, na aliufungua. Mwanangu hata angeelewa kila neno lililosemwa kwenye kiungo kile, muhula ulipofunguliwa angekaa kwenye dawati lilelile, na mwalimu yuleyule, kwenye mada zilezile. KCSE yake ingebaki pale pale, Novemba ya mwaka wa nne. Kwetu hakuna krediti ya kuweka kibindoni. Hakuna shule itakayomruhusu afanye mtihani wa hisabati mwaka mmoja mapema kwa kuwa silabasi imekwisha. Tunamkimbiza mtoto kuelekea kituo ambacho basi lake haliondoki kabla ya saa yake.

Na kasi tumeshawahi kuionja sisi wenyewe. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wengi wa watoto walirudi darasani Januari 2021. Ili kuufidia muda uliopotea, serikali iliubana mwaka wa masomo kutoka wiki 39 hadi 30, na kalenda ya kawaida haikurudi mpaka Januari 2023. Katika kipindi hicho KCSE tatu zilifanywa kati ya Machi 2021 na Desemba 2022. Silabasi zilimalizwa. Lakini muulize mwalimu yeyote unayemwamini aliyefundisha miaka ile, na muulize mzazi aliyekuwa akilipa karo kila baada ya wiki chache, kama anatamani irudi. Wakati ule tulikuwa na sababu. Janga lilitula miezi. Agosti hii hakuna mwezi uliopotea. Tunaibana likizo kwa hiari yetu.

Tena kuna sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 37, inapiga marufuku tuisheni ya likizo, na anayeivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sote tunaijua marufuku hii, na sote tunajua inavyokwepwa. Ilipokuwa ngumu kuwaita watoto shuleni, tuisheni ilihamia kwenye simu, ambako hakuna afisa wa elimu anayepita kukagua. Matokeo yake ni kwamba mzazi amepoteza ulinzi pande zote. Huwezi kudai pesa zako, huwezi kuuliza mwalimu amesomea nini, na huna pa kulalamikia, kwa sababu ulichokinunua rasmi hakipo.

Linganisha na Florida. Huko jimbo lenyewe lina shule ya umma ya mtandaoni, Florida Virtual School, iliyoanzishwa mwaka 1997. Mkazi wa Florida husoma bila malipo, walimu wake wana leseni, na krediti zake zinatambuliwa. Ubora wake watu wanaweza kuujadili. Lakini mzazi anajua mlango wa kubisha.

Sitaki nieleweke kwamba masomo ya ziada hayana kazi Pwani. Yana kazi kubwa, ila si hii tunayoyapa. Kuna msichana wa Kwale aliyekaa nyumbani nusu muhula kwa sababu ya karo. Kuna mtoto wa Tana River ambaye mafuriko yaliyafunga masomo yake. Kuna shule ambazo mwalimu wa fizikia ni mmoja na anapougua somo linasimama. Hawa hawahitaji kukimbizwa mbele. Wanahitaji kurudishiwa kile walichokosa. Na hao hao ndio wasio na simu nzuri, hawana umeme wa uhakika, na bando ya wiki tatu kwao ni chakula cha nyumba. Soko hili la viungo vya WhatsApp linamhudumia asiye na shida kubwa, likimpita mwenye shida.

Kuna hitaji jingine linakuja. Gredi ya 10 iliyoanza Januari 2026 imegawanywa katika mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; na sanaa na michezo. Watoto wa miaka kumi na tano wamechagua njia, na baadhi yao watagundua wamechagua vibaya. Anayetaka kuhamia mkondo wa sayansi baada ya mihula miwili atahitaji daraja la kumvusha. Hapo ndipo masomo ya kasi ya likizo, hata ya mtandaoni, yangekuwa na maana, kwa sababu kuna mahali pa kufika. Wizara ingeweza kuyaruhusu kwa masharti: idadi ya saa ijulikane, mwalimu awe amesajiliwa na TSC, darasa lisizidi idadi fulani, na mwisho wake kuwe na mtihani wa karatasi shuleni. Marufuku ya jumla imeshindwa kuzuia kibaya, na wakati huohuo inazuia kizuri kisizaliwe.

Mpaka hapo, mzazi mwenzangu, uamuzi uko mkononi mwako na simu yako. Kabla hujatuma pesa, uliza kwenye kundi, hadharani: Watoto ni wangapi kwenye kiungo? Nani atasahihisha kazi zao? Mtoto akitoka katikati ya kipindi, nani atajua? Na mwanangu akimaliza, atapata nini Septemba ambacho asingekipata kwa mwalimu wake wa shule? Mimi niliuliza hayo juzi. Nilijibiwa kwa bei ya punguzo.

Kwa hivyo nyumbani kwangu tumepanga hivi. Tumechukua karatasi zake za muhula na kuchagua mada mbili za hisabati na moja ya kemia alizoanguka vibaya. Mbili na moja tu, za nyuma. Binamu yake aliye chuo kikuu atakaa naye saa mbili kila asubuhi, siku nne kwa wiki, mezani, simu ikiwa kwangu. Kila Alhamisi atafanya maswali bila kusaidiwa. Mchana ataenda madrasa kama kawaida, na jioni acheze mpira. Wahenga walisema bandu bandu humaliza gogo, na gogo lenyewe ni la mwaka mmoja na ushei, si la wiki tatu.

Yeye hakufurahi. Aliniuliza, "Baba, na wenzangu wakimaliza silabasi yote?" Nilimwambia wakimaliza watamsubiri Novemba 2027, kwa sababu mtihani ni siku moja kwa wote. Hakucheka. Najua ana wasiwasi, nami ninao pia, maana sina hakika ya alama atakazopata. Nina hakika tu ya nini kilitokea mwaka jana nilipolipia kasi, na sitaki kumlipia tena.